Tanuri la Muyinga na Safu ya Maharage

Juzi, pale Magarama, mtaa wa Gitega huku Burundi, kijana mmoja anayeuza vocha za simu aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikamwambia nilikuwa napima matanuri. Akauliza, "Urefu?" Nikamjibu hapana, nilikuwa napima yanakula nini. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu ananiangalia.

Kwa hiyo nimeona niandike, maana nyie mnaosomea mambo haya sasa ndio mtakaonirithi, na sitaki mtu awaonee huruma kabla hamjaanza. Siku hizi kazi hii ina jina refu linalojaza mlango mzima wa ofisi: tathmini ya teknolojia za kaboni kidogo katika viwanda vya ufinyanzi. Sisi tulipoanza haikuwa na jina. Mtu anachoma vigae, matofali au vyungu. Kuchoma kunataka moto, moto unataka miti, na miti ikiisha mlimani udongo unashuka bondeni na moshi unapanda juu. Kazi yangu ilikuwa kwenda na mzani, kupima kuni zilizoingia na vigae vizuri vilivyotoka, kisha kusema tanuri hili linafaa au lile libomolewe. Kwa kifupi, nilikuwa mtu wa kwenda kwa watu na kuhesabu kuni zao. Msitegemee kupendwa.

Mimi nilikulia Tanzania, upande wa Kasulu, na huko nilifyatua matofali tangu nilipopata nguvu ya kubeba tope. Tuliporudi Burundi nilikuja na vitu viwili: ujuzi wa tanuri, na Kiswahili ambacho majirani zangu wa Nyamugari hukiita Kiswahili cha redio. Kimoja kilinipa kazi. Kingine kinawachekesha watu mpaka leo.

Aliyenifundisha kupima ni mzee Melkiori, mfinyanzi wa Gitega, ambaye hakuwahi kumiliki kipimajoto na aliwadharau wote waliokuwa nacho. Yeye aliinama kwenye tundu la tanuri, akafumba jicho moja, akasema, "Bado, hii ni nyanya." Baada ya muda anainama tena: "Nyanya imeiva sana." Na moto ukifika rangi ya nyama ya papai anasema funga mdomo wa tanuri, twende tukanywe. Hakuna kilichoandikwa. Mradi wa matanuri ulioniajiri ulipotuletea kipimajoto cha kwanza, chenye waya mrefu na namba zinazowaka, kilisema moto umefika. Melkiori akasema haujafika. Tulikiamini kipimajoto kwa sababu kilikuja na kitabu. Mvua ya kwanza ilipovinyeshea vile vigae, vya safu za nyuma vilirudi kuwa tope kana kwamba havijawahi kutoka bondeni. Kumbe nilikuwa nimeuchomeka waya mbele kabisa, karibu na moto, huku vigae vya nyuma vikiota jua tu. Melkiori hakunisema. Alitabasamu siku nne mfululizo, na hilo liliniudhi kuliko matusi.

Basi andikeni: waya uwe katikati, na mwingine nyuma, na jicho la mfinyanzi mliulize hata kama mna namba.

Melkiori alinifundisha pia kulamba. Msicheke. Kigae kibichi kikigusa ulimi kinaung'ang'ania, kwa sababu bado kina kiu ya maji. Kilichoiva kinauachia. Hii ni elimu ya kweli na mnaweza kuifanya popote, hata ofisini. Alichosahau kuniambia ni kwamba kigae husubiriwa kipoe kwanza. Wiki nzima nilizungumza kama mtu mwenye andazi zima mdomoni, na ndiyo wiki niliyotakiwa kusoma ripoti mbele ya wakubwa. Mmoja wao alinisifu kwa kuzungumza Kirundi cha zamani.

Kuna na mambo ya kuni zenyewe. Nimepima kuni mbichi nikadhani ni kavu, nikalisingizia tanuri la watu ulafi ambao halikuwa nao, kumbe nusu ya nilichopima ni maji. Gonga magogo mawili. Yakilia, ni makavu. Yakinyamaza, yaache juani uende kwanza kunywa chai. Nimepima maganda ya kahawa pia, ambayo ni mafuta mazuri ya tanuri na huko Muyinga yapo mengi, ila nilifungua gunia nikiwa nimesimama upande usiofaa wa upepo. Kwaya ilikuwa inapita barabarani ikienda harusini, sare nyeupe. Walifika kanisani rangi ya kahawa na maziwa, na sikuwahi kurudi barabara ile nikiwa na kofia ya mradi.

Lakini somo kubwa lilikuwa la tanuri la umeme.

Tanuri la umeme halina moshi hata chembe, na wakubwa walilipenda kabla sanduku halijafunguliwa. Lilifungwa kwenye kibanda hapo Magarama, katikati ya maduka, nami nikapewa kulitathmini. Tuliliwasha asubuhi saa nne. Dakika ileile mtaa wote ulinyamaza: redio zikakata, mashine ya kusaga ikakata, muuza barafu akatoka nje kutazama mbingu. Tukazima, umeme ukarudi. Tukawasha, ukaondoka. Tulipowasha mara ya tatu mlango uligongwa. Alikuwa kinyozi wa jirani, na nyuma yake mwalimu mmoja wa Mushasha, kitambaa shingoni, kichwa upande mmoja kinang'aa na upande wa pili bado msitu.

"Chef," kinyozi akasema kwa Kiswahili cha Gitega chenye Kifaransa ndani, "mi siko na ubaya na vyungu. Mais huyu iko na darasa saa tano."

"Watoto wako wengi," mwalimu akaongeza kwa upole. "Siombi kitu kubwa. Naomba tu upande ya pili."

Tulizima tanuri kwa muda wa nusu kichwa. Vyungu vyangu vilipasuka vyote kwa kupoa ghafla, mwalimu akawahi darasa, nami nikaandika kwamba teknolojia ni safi sana ila mtaa hauiwezi bado. Nilijifunza siku ile kwamba huwezi kulipima tanuri peke yake, lazima ulipime pamoja na watu wanaoishi karibu nalo. Nilijifunza vizuri kabisa, halafu nikasahau, na kusahau huko nusura kuwaponze akina mama wa Muyinga.

Muyinga kuna ushirika wa akina mama wanaofinyanga vigae vya paa na vyungu vya majiko. Kiongozi wao alikuwa Skolastika, mama mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyemaliza sentensi akiona umeshaelewa. Tanuri lao la zamani lilikula miti vibaya, nao wakajenga jipya kwa mchoro wetu na mikono yao: kuta mbili, bomba refu la moshi, mlango wa maganda ya kahawa ubavuni. Ofisi ya komine, serikali ya eneo lile, iliwapa sharti moja. Kama tanuri jipya halipunguzi kuni kwa nusu, hawatauziwa tena mikaratusi ya komine. Bila mikaratusi ile hakuna tanuri, na bila tanuri wale mama walikuwa wanarudi kulima kama vibarua katika mashamba ya watu. Aliyetakiwa kusema limepunguza au halijapunguza nilikuwa mimi.

Nilikwenda mara tatu kutoka Gitega, mzani mapajani, maana petroli ilikuwa adimu wakati ule, na gari lolote lililokuwa nayo lilikuwa limeshajaa vitu vingine. Kila mara tuliwasha alfajiri na kufunga mdomo wa tanuri jioni. Kila mara nilipima kila gogo kwa uaminifu. Na kila mara kuni zilizoliwa zilikaribiana sana na zile za tanuri la zamani. Sikuelewa. Bomba lilivuta vizuri, kuta hazikuvuja, vigae vilitoka vyekundu na vinalia kama kengele. Nililamba vitatu, vilivyopoa.

Sasa hapa inabidi niwaeleze adabu zetu, kwa wale mliokulia kwenye simu. Kwetu mtu aliyelelewa hatazami chungu cha mtu. Ukifika mahali wanapika, unatazama kilima. Ukiulizwa kama umekula, umekula. Basi nilipofika kwenye tanuri lile mara ya kwanza na kuona vyungu na sufuria vimejipanga mbele ya mdomo wa moto, nilifanya kama mama yangu alivyonifunza: niligeuza kiti. Nilipima kuni siku nzima nikiwa nimewapa mgongo, nikitazama kilima. Mchana niliketishwa kivulini, nikaletewa sahani ya maharage, nikala, nikashukuru. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu niliongezwa.

Baada ya mara ya tatu nikampigia simu Injinia Deo, bosi wangu kule Gitega. Deo ni mdogo kwangu kwa miaka mingi na mkubwa kwangu kwa kiti, mtu mkali wa hesabu lakini wa haki. Nikamwambia tanuri limeshindwa.

"Bon," akasema. "Andika. Komine iko inangoja."

Nikamfuata Skolastika, alikuwa ananawa udongo mikononi. Sikupenda kumwambia, lakini afadhali asikie kwangu kuliko kwenye karatasi.

"Mama Skolastika, tanuri limekula kuni karibu sawa na lile la zamani. Itabidi niandike limeshindwa."

Aliendelea kunawa. "Donc komine itafunga miti."

"Naona hivyo."

"Sawa. Basi utatusaidia kuambia watu ya kilima watafute kuni ya maharage."

"Maharage gani?"

Akaacha kunawa, akanitazama kwa makini. "Ile umekula, Muzehe. Mara tatu."

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtu wa kilima, yaani kijiji chao, alilijua isipokuwa mpimaji. Tangu tanuri jipya lijengwe, kila siku ya tanuri kaya zote za karibu huleta maharage yao. Maharage makavu yanakula kuni kupita chakula chochote, tena kwa saa nyingi, kwa hiyo mtu mwenye akili hayapiki nyumbani kama jirani ana moto mkubwa. Skolastika huvuta makaa kutoka mdomoni kwa jembe bovu, anayatandaza nje, na vyungu vinakaa juu yake. Makaa yakipungua ndani, anaongeza kuni. Nusu ya moto wa tanuri nililolipima kwa uaminifu ulikuwa unapika chakula cha kilima kizima, nyuma ya mgongo wangu.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza, nikiwa na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa juu ya tumbo langu.

"We mwenyewe uligeuza kiti. Tukasema huyu muzehe iko na adabu."

Nikamwambia basi ni rahisi: tuchome mara moja bila maharage, nipime, tumalize. Skolastika akatikisa kichwa.

"Nisimame mu njia niambie mwenzangu arudishe chungu? Oya, Muzehe. Bora tanuri ifungwe."

Na alimaanisha. Nimekutana na wakurugenzi na maprofesa, sijawahi kukutana na mtu aliyeshindikana kama yule mama akiwa na mikono yenye maji. Nikampigia Deo tena. Nikamweleza yote.

"Muzehe," akasema, "unataka niweke maharage mu ripoti ya kaboni?"

"Kuni ambazo hazikuwaka nyumbani ni kuni pia, chef. Mti haujui umeponea wapi."

Kisha akakubali, kwa masharti. Kila anayeleta chungu alete na mzigo wa kuni ambao angetumia nyumbani, nipime, uwekwe pembeni bila kuwashwa. Kila chungu kipimwe kikiingia na kikitoka, maana alijua watu wanaweza kuleta vyungu vitupu ili kuongeza idadi. Maji ya kuongeza yatoke ndoo moja kwa kikombe kimoja, na kila kikombe kiandikwe. Majina yaandikwe, matokeo yasomwe hadharani pale komine.

"Na nikikuta chungu moja ya uongo," Deo akamalizia, "natupa safu yote ya maharage mu ripoti. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Sikufikiria bado kwamba sasa nilitakiwa kufanya kazi ya kufunua vyungu vya watu mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, katika umri wangu.

Siku ile ilifika. Nilisimama mbele ya mzani na daftari, na akina mama wakajipanga, chungu kichwani, mzigo wa kuni mgongoni. "Samahani mama," nilikuwa nasema, "naomba nitazame chungu chako." Nilitokwa jasho na moto ulikuwa haujawashwa. Mama wa namba nne alifunika chungu kwa jani la mgomba, akaninyanyulia pembe moja tu, akafunika upesi. Namba saba, chini ya maharage palikuwa na kipande kizuri cha nyama, naye asubuhi ileile alikuwa amewalalamikia wenzake kwamba ameisahau hata rangi ya nyama. Tulitazamana. Niliandika maharage. Namba kumi na moja alikuwa amekuja na sufuria ya soksi za mumewe.

"Mama, hizi si chakula."

"Hukuuliza chakula. Uliuliza chungu."

Nikaandika soksi. Deo baadaye alizikubali, kwa kuwa zilipimwa vizuri na mzigo wake wa kuni ulikuwapo.

Mama wa namba kumi na tisa alikiweka chungu kwenye mzani mwenyewe, akaushikilia mfuniko kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya komine, lakini hapa siliandiki. Nikaomba kama nilivyowaomba wengine. Akafungua kidogo, kisha akageuka kutazama kilima.

Ndani kulikuwa na maji. Maji masafi, matupu.

Nilielewa polepole, kama kawaida yangu. Siku ya tanuri kila kaya huleta chungu, na kaya isiyoleta inaonekana. Yeye hakuwa na maharage nyumbani, na hakutaka kuonekana. Alikuwa amebeba maji na kuni kupanda kilima ili awe amekuja na chungu kama watu wengine. Kalamu ilibaki hewani. Nikiandika maji, hadharani kule komine litasomwa jina lake na maji yake. Nikiandika maharage, nimeingiza kwenye safu chungu cha uongo, na mimi ndiye niliyemwambia Deo tumeelewana.

Skolastika alikuwa begani kwangu. "Andika maharage, Muzehe."

"Lakini, Mama..."

"Haijaiva bado. We andika."

Niliandika.

Tukawasha. Makaa yakatandazwa, vyungu vikakaa. Kama saa tano hivi, mama wa namba mbili aliinuka kukoroga chungu chake, na aliporudi kukaa mwiko wake ulipitia namba kumi na tisa. Baadaye akainuka wa namba tisa. Kisha wa namba saba mwenye nyama, ambaye alichota sana. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, hakuna aliyemtazama mwenzake, mazungumzo yao ya bei ya sabuni hayakukatika hata kidogo. Nilipoelewa kinachoendelea niligeuza kiti, safari hii kwa hiari yangu.

Jioni vyungu vilirudi mzanini. Namba kumi na tisa kilikuwa na maharage mekundu, ya manjano, ya madoadoa, meusi mawili matatu, ya kilima kizima, na yameiva. Na kilikuwa kizito kuliko kilivyoingia. Nilikaa na ile namba. Neno la uongo nilikuwa nimeshaliandika, lakini namba ya mzani sijui kuibadilisha, ni kama kuniambia nitembee kwa mikono. Niliandika ulichosema mzani.

Pembeni, mizigo ya kuni ambazo hazikuwaka ilikuwa imelundikana kumpita Skolastika urefu. Ukizitoa kwenye zile zilizoliwa na tanuri, tanuri jipya lilikuwa limevuka sharti la komine bila hata kuhema.

Mkutano ulifanyika hukohuko Muyinga, kwenye ukumbi wa komine. Deo alifika kutoka Gitega amechelewa na amechoka, akafungua daftari langu mbele ya watu wote. Akina mama walijaza mabenchi. Namba kumi na tisa aliketi benchi la tatu, kitenge kipya. Orodha ya majina na namba ilikuwa imebandikwa ukutani, kila mtu ameshaisoma. Deo alisoma safu ya maharage kwa sauti, na ukumbi ulifurahi sana, hasa kwenye soksi. Mkuu wa komine alikuwa ameshafungua kalamu. Kisha Deo akarudi mstari mmoja juu.

"Muzehe, hii kumi na tisa. Vikombe vya maji, sifuri. Imeingia nyepesi, imetoka nzito. Maharage inazaa mu moto?"

Wanaume wa nyuma walicheka. Akina mama hawakucheka. Nikaona mabenchi yote yamekaza macho sakafuni, na wa benchi la tatu amelishika pindo la kitenge chake.

"Nieleze," Deo akasema, sasa bila utani. "Kama ilikuwa chungu ya uongo, unajua tulisema nini."

Nilikuwa na njia mbili, na nyie mtanisahihisha kama mnaona ya tatu. Kusema ukweli wote, na ukweli ule ungemvua nguo mtu mbele ya kilima chake. Au kunyamaza, na safu nzima iende, na mikaratusi iende, na tanuri lizimwe. Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kukosea kusoma mzani hata mara moja. Nilijivunia hilo kuliko ndoa yangu, na nilikuwa nimewatangazia watu wengi, wakiwemo wasioniuliza. Deo mwenyewe alikuwa akiwaambia vijana wapya: kama Muzehe amepima, msirudie.

"Hakikuwa cha uongo, chef," nikasema. "Nilisoma mzani vibaya kikiingia. Macho ya uzee."

Deo alinitazama muda mrefu. Sijui alijua nini. Mtu wa hesabu akikutazama hivyo huwezi kujua. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaipiga mstari namba kumi na tisa, mmoja tu, akaiacha safu iliyobaki.

"Bon. Kosa ya mzani si uongo. Inatolewa moja, zingine zinabaki." Akageukia ukumbi. "Mais mbele ya huyu muzehe kupima kitu ingine, tutamutafutia miwani."

Hapo ukumbi mzima ulicheka, wanaume wa nyuma wakapiga na makofi. Mkuu wa komine alicheka huku anaweka sahihi ya mikaratusi. Kijana mmoja wa ofisini kwetu aliandika kitu kwenye simu, na kabla sijafika Gitega kila mpimaji wa mradi alikuwa ameshasikia kwamba Muzehe haoni mzani. Iliniuma, sitawadanganya. Nilikusanya karatasi zangu taratibu ili watu watoke kwanza.

Nilipotoka, akina mama walikuwa wameshaanza kupanda kuelekea kilimani. Wa namba kumi na tisa alikuwa amebaki nyuma, anafunga na kufungua kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea. Alinipita karibu, bila kusimama, bila kunitazama.

"Muzehe," akasema, "miwani usivae. Macho yako inaona."